Mnunuzi wa Uingereza anauliza kama kuna utumwa shambani: sisi wa Nakuru na magharibi tunajibu nini?

Karani wa Bahati (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Huu uzi ni wa wenye mashamba, viwanda, sacco za magari, mitumbwi na yeyote anayeajiri au kuajiriwa kuanzia Naivasha hadi Busia. Ni mrefu, nawaomba mvumilie.

Nashughulikia mambo ya wafanyakazi katika shamba la maua huku kaunti ya Nakuru. Wanunuzi wa Uingereza hututumia dodoso. Kuna mfanyakazi aliyetoa pesa ili aajiriwe? Vitambulisho vinakaa kwa nani? Vibarua wenu huletwa na nani, na huyo anayewaleta analipwaje? Najua mashamba ambako karani hupewa karatasi hiyo saa kumi jioni, anajaza "hapana" toka juu mpaka chini, inarudishwa, watu wanasubiri oda.

Hiyo tabia inaniuma. Nikitazama kazi yetu, maovu makubwa sana hayatokei kwenye grinihausi wala kwenye banda la kupangia maua. Yanatokea kati ya lango la shamba na kijiji alikotoka kibarua, mikononi mwa kontrakta tunayemlipa kwa ankara moja tu halafu tunaona yetu yameisha. Kwangu mimi, wajibu wa mwajiri unaanzia hapo hapo anapotaka uishie.

Tuanze na dodoso linakotoka. Mwaka 2015 Uingereza ilipitisha sheria ya utumwa mamboleo. Kifungu cha 54 kinaitaka kila kampuni inayofanya biashara huko, yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, itoe taarifa ya kila mwaka kueleza imefanya nini kuhakikisha hakuna utumwa wala usafirishaji haramu wa watu kwenye shughuli zake na kwa wanaoiuzia bidhaa. Bodi iidhinishe, mkurugenzi atie saini, na kiungo chake kiwekwe mahali pa kuonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti. Shamba letu halifikii kiwango hicho hata kwa ndoto, lakini duka kubwa linalouza maua yetu linafikia, na haliwezi kuandika taarifa yake bila kutuuliza sisi. Australia nayo ina sheria yake ya 2018, kwa kampuni zenye mapato ya dola zao milioni 100. Ufaransa ilitangulia 2017 na sheria ya uangalifu, inayozitaka kampuni kubwa zifuatilie madhara hata kwa wanaoziuzia, Ujerumani ikaanza yake 2023. Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni ya kuzuia sokoni bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa, itaanza kutumika Desemba 2027. Maua yakizuiwa kwa sababu hiyo, hakuna wa kuyauzia tena.

Sasa kuna jambo kwenye kifungu cha 54 ambalo wengi hawajui. Sheria inairuhusu kampuni iandike kwamba mwaka huo haikuchukua hatua yoyote, na hiyo ikakubalika kuwa ni taarifa. Kwa hiyo mtu asidhani karatasi ya London itamlinda kibarua wa Subukia.

Na mtu asiseme haya ni mambo ya wazungu. Ibara ya 30 ya Katiba yetu inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na ibara ya 25 imeiweka haki ya kutofanywa mtumwa kati ya zile chache ambazo haziwezi kuwekewa mipaka yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 4, inamkataza mtu kutumia kazi ya kulazimishwa *au kumsaidia mwingine* kuitumia. Hayo maneno ya kusaidia yasomwe mara mbili na kila anayeajiri kupitia kontrakta. Halafu kuna Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Tena ridhaa ya mtu haihesabiki kama alilaghaiwa, alitishwa au shida zake zilitumiwa vibaya. "Alikubali mwenyewe" si utetezi.

Niwaonyeshe ninavyotafuta, kwa sababu maneno matupu hayasaidii. Chukua orodha ya malipo ya vibarua, uipange kwa namba ya simu badala ya jina. Ukikuta majina kadhaa yanalipwa kwa namba moja ya M-Pesa, simama hapo. Utaambiwa ni wa familia moja, au hawana simu. Muite mmoja mmoja, si mbele ya nyapara, muulize kwa upole jana alipokea shilingi ngapi mkononi. Mimi nimesikia mama akitaja nusu ya kiasi kilichotoka kwetu. Nusu ya pili ilibaki kwa mwenye laini: nauli ya kumleta, godoro, "ada ya kazi", na deni la unga ambalo halipungui. Kwenye vitabu vyetu mama huyo alikuwa amelipwa vizuri kabisa, na mkaguzi angepita akasifu.

Nawasikiliza. Mnaonaje kwenu?

---

Mkulima Subukia

Dada Karani, nakuheshimu, lakini ngoja nikuambie upande wetu. Nina ekari chache na nauza kupitia msafirishaji mkubwa. Mnunuzi huyo huyo anayeniuliza habari za utumwa hunipigia Alhamisi akitaka mzigo mara mbili Jumamosi. Kabla ya siku ya wapendanao Februari ndiyo usiseme. Bei haipandi. Nikikosa, nakatwa. Nitatoa wapi watu usiku mmoja kama si kwa kontrakta? Na kontrakta akileta watu saa kumi na moja alfajiri kwa lori, nitaanza kumuuliza kila mmoja alikopa nini huko kwao? Wakaguzi nawalipia mimi, vyeti nalipia mimi, na faida inabaki huko huko kwao.

---

Karani wa Bahati

Mkulima, hilo la bei na oda za ghafla umelisema na sitalipinga. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya biashara na haki za binadamu ya 2011 inaitaka kampuni iangalie madhara inayoyasababisha yenyewe, inayoyachangia, na yale yanayofungamana nayo kupitia wale inaofanya nao biashara. Mnunuzi anayebadilisha oda siku mbili kabla anachangia, na anapaswa kuambiwa hivyo kwa maandishi. Sisi kwetu tuliandika kwenye dodoso lenyewe, chini ya sehemu ya hatari: "saa za ziada nyingi hutokana na mabadiliko ya oda chini ya saa 72." Hawakufurahi, lakini waliita mkutano. Dodoso ni njia ya pande mbili ukiamua kulitumia hivyo.

Kwa hili la pili, hapana. Huwezi kuwauliza alfajiri lori limefika, kweli. Basi uliza kabla ya msimu. Kontrakta unamjua, ni yule yule kila mwaka. Andikianeni mkataba wenye mambo matatu tu: hakuna kibarua anayelipa chochote kupata kazi, kila mtu analipwa kwa laini yake mwenyewe, na vitambulisho vinatolewa nakala na kurudishwa hapo hapo. Gharama ya kuleta watu ulipe wewe unayewahitaji. Ukiikwepa, haipotei, atadaiwa kibarua.

---

Mzee wa Njoro

Wanangu, niingize neno. Babu yangu alifanya kazi kwa setla huku juu, upande wa Mau Narok. Alivaa kipande shingoni, ndani ya kijikebe cha chuma. Ndani kulikuwa na alama za vidole na majina ya waajiri wake. Ilikuwa mwajiri asipotia saini ya kumwachilia, haruhusiwi kwenda kutafuta kazi kwingine, na akitoroka anasakwa na polisi na kurudishwa. Sheria yake ilitungwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya vita vya kwanza vya dunia. Watu wetu walipigania sana iondolewe.

Kwa hiyo nikisikia kijana Mkenya, tena mwenye shamba, ameweka vitambulisho vya watu kwenye droo ya ofisi "ili wasitoroke kabla ya kumaliza kazi", naumwa moyo. Alifundishwa na nani? Kama kuna anayefanya hivyo leo, avirudishe kesho asubuhi.

---

Mwenye Mtumbwi Usenge

Nashukuru kwa uzi. Huku ziwani mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Wavuvi wa omena wanatoka usiku na taa, mshahara ni mgao: mafuta yanatolewa kwanza, chakula, nyavu, sehemu ya mtumbwi, kinachobaki ndicho cha wafanyakazi. Mgao wenyewe hauna ubaya, ndio utaratibu wa ziwa tangu zamani. Ubaya ni pale mwenye mtumbwi anapompa kijana pesa za kwanza, halafu hesabu zinafanywa na yeye peke yake, hakuna daftari, na kijana haruhusiwi kuhamia mtumbwi mwingine hadi "alipe". Wengine wanavuka kutoka ng'ambo, hawana ndugu ufuoni. Na kuna watoto. Anayelala saa mbili asubuhi baada ya kuvua usiku kucha haendi shule, hakuna haja ya kujidanganya.

Mbuta inaondoka ufuoni inakwenda viwandani Kisumu inakatwa minofu inasafirishwa Ulaya. Kiwanda kina vyeti ukutani. Lakini hakuna mtu wa kiwanda aliyewahi kuniuliza ninaishije na vijana wangu wa mtumbwi. Wanauliza barafu na usafi wa samaki.

Kamati zetu za usimamizi wa fuo, BMU, zipo kisheria tangu 2007 na zinaweka daftari la mitumbwi na wanaofanya kazi humo. Kama kiwanda kingetaka kujua, kingeanza na daftari hilo. Kwetu tumekubaliana mgao usomwe kwa sauti mbele ya wote, mtumbwi ukiwa bado haujavutwa nchi kavu. Ugomvi umepungua sana.

---

Kibarua tu

Mimi nasoma kimya kimya lakini wacha niulize. Nakata miwa upande wa Muhoroni, kupitia kontrakta, sitataja. Tulitoka nyumbani watu wengi kwa gari lake. Alichukua vitambulisho akasema ni vya kufungulia akaunti, hajarudisha. Tunalala kambini. Chakula ni kwa kantini ya jamaa yake, inaandikwa kwa kitabu, na bei ni kubwa kuliko ya dukani senta. Tumeambiwa anayeondoka kabla msimu uishe hapati kitu. Sasa ni mwezi wa pili sijashika pesa isipokuwa advansi mara moja. Hajanipiga wala kunifungia. Hii nayo ni utumwa ama ni shida za kazi tu?

---

Karani wa Bahati

Ndugu yangu, asante kwa kuandika. Nitakujibu polepole kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Wewe umetaja kadhaa kwa aya moja: kulaghaiwa kuhusu kitambulisho, kitambulisho kuzuiwa, mshahara kuzuiwa, deni lisiloisha, na kutumia shida ya mtu aliye mbali na kwao. Minyororo na kipigo si lazima viwepo. Kama unabaki kwa sababu ukiondoka utapoteza jasho lako na hati yako, huko ni kulazimishwa.

Sheria ya Ajira iko nawe. Kazi ya kipimo kama kukata miwa hulipwa mwisho wa mwezi kwa kiasi ulichofanya, au kazi ikiisha, lolote litakalotangulia. Hakuna "mpaka mwisho wa msimu". Kifungu cha 17 kinamkataza mwajiri kukulazimisha utumie mshahara wako mahali anapofaidika, ndiyo hiyo kantini. Kifungu cha 19 kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na si kila kato linaruhusiwa.

Usimkabili peke yako. Anza kuandika leo, kwenye simu au daftari, ukaliweke mahali ambapo si kambini: tarehe, shamba mlilokata, tani mlizopimiwa, namba ya trekta iliyobeba, kilichoandikwa kantini. Ujumbe wa M-Pesa wa ile advansi usiufute. Jiungeni wawili watatu, nendeni ofisi ya kazi Kisumu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba ya miwa nacho kinajua njia hizi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Kisumu, huhitaji kwenda Nairobi. Kama kuna mtoto kambini, namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na kama kuna dada anayesumbuliwa kimwili, 1195 ya wanaodhulumiwa kijinsia pia ni ya bure. Akianza vitisho, hilo ni la polisi, tena mwambie afisa wazi kwamba vitambulisho vyenu vimeshikwa, asiandike tu kuwa ni ugomvi wa mshahara.

Na kiwanda kinachopokea hiyo miwa kina kazi ya kufanya. Kikipata barua yenye jina la kontrakta na tarehe, hakiwezi kusema hakikujua.

---

Mkulima Subukia

Hapo nimenyamaza. Swali la kweli sasa: nikigundua kontrakta wangu anafanya hivi, namfukuza siku hiyo hiyo, sivyo?

---

Karani wa Bahati

Hapana, si siku hiyo hiyo, na hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa na watu wenye nia njema. Shamba linasikia mkaguzi anakuja, linakata mkataba wa kontrakta, linafuta majina, lango linafungwa. Vibarua wale wanarudi kwenye lori la mtu yule yule, deni liko pale pale, safari hii wanapelekwa mahali ambapo hakuna anayeuliza. Shamba limekuwa safi na watu wamezama zaidi.

Utaratibu tunaofuata ni huu. Kwanza watu wawe salama na vitambulisho vyao viwe mikononi mwao. Halafu malipo yao yahamie kwako moja kwa moja, ikiwemo kile walichokatwa isivyo halali. Utamdai kontrakta baadaye, wewe una wakili, wao hawana. Waulizwe wanataka nini: wabaki, warudi nyumbani, waende wapi. Anayefanya kazi kwako mwezi mzima mfululizo, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamtoa kwenye ubarua na kumpa haki za mwajiriwa, kwa hiyo wengine tayari ni wako bila wewe kujua. Hapo ndipo unaripoti kwa ofisi ya kazi, na kwa wapelelezi wa jinai, DCI, kama kuna dalili za usafirishaji haramu. Ukimtimua kontrakta kabla ya hapo, unampa muda wa kuchoma kile kitabu cha kantini.

Mtoto ni tofauti, hapo hakuna kusubiri hata saa moja. Lakini kumtoa langoni na kumwambia aende zake si kumlinda. Piga 116, mtafute afisa wa watoto, mtoto akabidhiwe mtu anayejulikana.

Kuhusu kujua mapema: sanduku la maoni. Mashamba mengi yanalo. Nililiona moja, limepigiliwa ukutani nje ya mlango wa supavaisa, kamera juu yake, kufuli ya shaba inang'aa, na ufunguo kwa supavaisa. Vumbi kwenye tundu la kuingizia karatasi. Kama unataka kusikia, weka namba ya simu inayopokelewa na mtu asiye bosi wa shambani, apokee Kiswahili na lugha za wanaoajiriwa, iwe Kiluo, Kiluhya, Kiturkana. Ibandike ndani ya choo, ambako mtu anaweza kuinakili bila kutazamwa. Na wafanyakazi wajue kwamba kifungu cha 46 cha sheria hiyo ya Ajira hakikubali mtu kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika.

---

Manamba wa Busia Road

Sisi wa magari tumeachwa nje? Kwa njia yetu, Busia mpaka Kisumu mpaka Nakuru, unaona msichana mdogo amelipiwa nauli na mtu asiyesafiri naye. Tunaambiwa "mshushe stendi, atapokelewa." Hajui anaenda kwa nani, ameandikiwa namba ya simu kwa karatasi. Anaenda kuwa hausigeli. Tumekuwa tukibeba tu kama mzigo, hatuna sheria ya sacco.

---

Karani wa Bahati

Hamjaachwa, na mko mahali ambapo sisi hatufiki. Ofisi ya kuajiri wafanyakazi wa nyumbani ni biashara, sacco ni biashara, lojing'i ni biashara. Ile sheria ya usafirishaji haramu ya 2010 inamgusa hata anayekodisha nyumba akijua inatumiwa kusafirisha watu. Sheria ya Ajira inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomzuia shule. Kuishi kwa watu, kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, si kazi nyepesi.

Sacco yenu ianze na kitu kimoja: anayemlipia mtoto nauli asiyesafiri naye aandikwe jina na namba ya kitambulisho kwenye karatasi ya abiria, na anayempokea aandikwe vilevile. Mwenye nia njema hatakataa. Anayekataa, mtoto asipande, na manamba apige 116 papo hapo huku gari likiwa bado stendi. Mwenyekiti wa sacco awaambie mapema kwamba hakuna atakayekatwa pesa ya siku kwa kuchelewesha gari kwa sababu hiyo. Bila hilo hakuna manamba atakayepiga simu.

---

Manamba wa Busia Road

Mkutano wetu ni Jumapili. Niandikie hayo kwa ufupi niyasome.

---

Karani wa Bahati

Nakutumia kwa ujumbe wa faragha usiku huu, kwa Kiswahili cha stendi. Kibarua tu, ukiwa salama andika hata neno moja. Ukipata wenzako wawili, nitawatafutia wa chama atakayekutana nanyi Kisumu, si Muhoroni.